Mbwa Aliyeitwa Hayawahusu

Ernesta hakuwa mtu wa kusahau. Mamba nzima, kule juu milimani Upareni, ilimjua hivyo. Mwaka aliofiwa na mumewe, matanga hayajaanuliwa vizuri, shemeji zake walikuja na kamba kupima shamba la tangawizi. Aliwakaribisha, akawapikia makande, wakala wakashiba. Walipoinuka kutafuta kamba yao waliikuta inamalizikia kuungua chini ya sufuria. Aliwafungulia mlango tu.

Kamba haikurudi, lakini maneno yalibaki. Mwanamke gani huyu, analima peke yake, hataki msimamizi, hataki kushauriwa. Ernesta alikwenda kwa jirani ambaye mbwa wake alikuwa amezaa, akachagua kitoto kimoja chenye manyoya mengi rangi ya majivu. Kuanzia siku hiyo kila jioni alisimama ukingoni mwa shamba, juu kidogo ya nyumba za shemeji zake, akakiita kwa sauti ya kusikika bonde zima.

"Hayawahusu. Hayawahusu, njoo."

Jina likashika. Mbwa naye akakua, akawa mkubwa kama ndama. Shamba la Ernesta linapakana na msitu, na kabla yake ngedere walikuwa wanashuka kwenye migomba kama watu wanaokwenda sokoni kwao, na nguruwe pori wakifukua matuta usiku kucha. Hayawahusu alimaliza yote hayo. Jumapili alimfuata Ernesta hadi kanisani, akalala nje mlangoni mpaka baraka za mwisho. Watoto wa Ernesta wako mbali, mmoja Arusha na mwingine Dar es Salaam, wanapiga simu wakikumbuka. Kwa hiyo mtu wa kuongea naye nyumbani alikuwa huyo. Aliongea naye habari za bei, za mvua, za shemeji, na mbwa alisikiliza huku kichwa amekiweka kwenye mguu wake.

Mwezi wa pili, mwaka ule jua lilipokuwa kali kupita kawaida huko chini, nguruwe pori alimpasua Hayawahusu paja. Kidonda kilikuwa kirefu, kinahitaji kushonwa, na daktari wa mifugo yuko Same mjini. Kesho yake Ernesta alikuwa na zamu ya kupokea tangawizi ya kikundi cha wakulima ghalani, na zamu ya ghala haikimbiwi. Ndipo Zephania alipojitolea.

Zephania ni mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe, na katika ukoo ule wote ndiye pekee ambaye Ernesta alikuwa anamvumilia. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye Noah ya kijivu ambayo viti vya nyuma kabisa alikuwa ameving'oa ili apakie magunia. Tangawizi ya kikundi kizima ilikuwa inashuka mlimani na gari lile.

"Mama mkubwa, nitampeleka mimi," alisema. "Kesho nashuka mtupu, nina nafasi."

Ernesta alichana kitenge chake akamfunga mbwa paja. Asubuhi akamwinua mwenyewe hadi kwenye kiti cha gari, akaweka na chupa ya maji.

"Usimwache na kiu. Huku kwetu kuna ukungu, huko chini hajazoea."

"Mama mkubwa, huyu si ndugu yangu kabisa?" Zephania alicheka, akawasha gari.

Jioni alirudi peke yake. Alisimama uani ameshika kofia mkononi. Akasema alipofungua mlango pale kwa daktari, mbwa aliruka akakimbia, akavuka reli, akapotelea vichakani. Akasema amemtafuta mpaka miguu imekufa ganzi. Alikuwa na vumbi hadi magotini, na Ernesta akamwonea huruma. Akampa chai.

Kesho yake Ernesta alishuka Same kutafuta. Alikwenda tena siku ya gulio, na gulio lililofuata. Alipita nyuma ya stendi, machinjioni, kwenye majalala, kando ya reli, anaita. Ilikuwa taabu, maana mwanamke mtu mzima anayepita katikati ya wafanyabiashara akipaza sauti "Hayawahusu, Hayawahusu" hawezi kueleweka haraka. Muuza vitunguu mmoja aliweka mikono kiunoni akamuuliza, "Kwani mimi nimekuuliza nini, mama?" Ernesta alilazimika kueleza. Alieleza mara nyingi sana kipindi kile. Wengine walicheka, na yeye akacheka nao kidogo ili wamsaidie kuangalia.

Mara nyingi aliyempeleka ni Zephania. Hakumtoza nauli. Alikuwa amevisha viti vyote vya gari mavazi mapya, mekundu, na milango ameiwekea kitambaa cha rangi hiyohiyo, na Ernesta alimsifu kwa kulitunza gari. Wakipita polepole kwenye mitaa ya Same, Zephania alikuwa anashusha kioo upande wake na kuita naye. "Hayawahusu," aliita, kwa sauti nzuri, ya mtu mwenye uchungu.

Hilo ndilo lililokuja kumwunguza Ernesta kuliko lingine lolote. Kwamba aliita.

Siku aliyoujua ukweli aliingia kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, kunywa chai. Zephania alikuwa amekwenda kuweka upepo kwenye gurudumu. Mwenye mgahawa ni mwanamke aitwaye Agatha, mnene, mwenye haraka. Ernesta alifungua simu akamwonyesha picha ya mbwa kama alivyokuwa anamwonyesha kila mtu. Agatha alikuwa anafuta meza. Aliiangalia picha, mkono wenye kitambaa ukasimama.

"Huyu alikuwa amefungwa kitenge mguuni?"

"Ndiyo," Ernesta alisema. "Umemwona alikokimbilia?"

"Huyu hakukimbia, mama."

Agatha alikaa kwenye benchi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi saa za wateja. Akaeleza. Noah ya kijivu iliegeshwa pale mbele, juani, vioo vyote juu. Mwenye gari akaingia akaagiza mbuzi wa kuchoma na ndizi. Mbwa alianza kwa kubweka. Kisha akawa anakwaruza kioo, anahama kiti hadi kiti, ulimi nje, mate yanachuruzika kwenye kioo mpaka ndani hakuonekani vizuri. Agatha alikwenda kumwambia yule mteja kwamba mbwa wake anateseka.

"Akasemaje?"

"Akasema huyo ni mbwa wa shamba, amezoea shida. Akaniambia nimwongezee supu."

Kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Yule mteja alikunywa supu, akasubiri mpira uishe. Alipotoka mbwa alikuwa amelala kwenye kiti. Alimtikisa, akammwagia maji ya chupa, akamtikisa tena. Halafu akafunga mlango akaondoka.

"Na wewe?" Ernesta aliuliza.

"Mimi nilikuwa na wateja, mama. Na kioo ni cha mtu."

"Jiwe hukuliona hapo nje?"

Agatha aliinamisha uso. Ernesta hakumrudia swali. Alimaliza chai yake. Nje honi ililia mara mbili, kwa adabu. Zephania alikuwa amerudi kumchukua.

Aliingia kwenye gari. Alikaa kiti cha nyuma, pale alipomlaza mbwa siku ile, na walipokuwa wameuacha mji alipitisha vidole chini ya kile kitambaa chekundu cha mlangoni, akakiinua kidogo. Ngozi ya mlango ilikuwa imechanwa mistari mistari, mirefu, mpaka sponji ya ndani imetokeza. Kwenye mshono wa kiti kulikuwa na manyoya rangi ya majivu. Aliyachomoa moja moja, akayafunga kwenye pembe ya khanga. Walipoanza kupanda mlima alikuwa bado ameishika pembe ile.

"Tusikate tamaa, mama mkubwa," Zephania alisema akimwangalia kwenye kioo cha dereva.

"Sijakata," Ernesta alisema.

Majuma yaliyofuata alilima kama kawaida, akaenda kanisani kama kawaida, na muda wote huo alikuwa anafikiria namna. Alifikiria kuichoma ile Noah. Alifikiria kutia sukari kwenye tangi, alishasikia kwamba injini hufa. Akipalilia tangawizi aliliona gari likiwaka moto, akaona mavazi mekundu yanavyoyeyuka, na kazi ikawa nyepesi. Lakini gari lingeungua mara moja tu, na Zephania angelitazama akiwa amesimama nje, kwenye hewa. Hilo halikumtosha. Alifikiria kwenda baraza la kata. Wapare wanasemwa nchi nzima kwa kupenda kesi, na shemeji zake wangefurahi kuipata. Ernesta aliliacha wazo hilo. Alijua swali la kwanza barazani litakuwa mbwa ana thamani gani, na hakutaka kulisikia swali hilo kinywani mwa mtu yeyote.

Alichofanya ni kuwaita wanawake wa kikundi ghalani, akawafungulia pembe ya khanga. Aliwaeleza bila kulia. Kifo cha mbwa kiliwasikitisha, lakini uongo ndio uliowachefua, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amemwona Ernesta akipanda na kushuka mlima ule, na kila mmoja alikuwa amewahi kumuuliza, vipi, bado?

"Mimi gunia langu halipandi tena gari lake," Ernesta alisema. "Mtu mwingine afanye anavyoona."

Gunia la kwanza halikupanda, wala la pili. Ulikuwa msimu wenyewe, tangawizi inang'olewa kila shamba, na Noah ya Zephania ikawa inashuka na abiria wawili watatu, kisha ikawa haishuki. Magunia yalichukuliwa na lori lililotoka Gonja, likachelewa, likatoza zaidi, na bado wanawake wakalipangia foleni. Zephania alipokuwa akimwamkia Ernesta njiani, "Shikamoo, mama mkubwa," Ernesta alikuwa anapita kama amepishana na mgomba.

Mwishowe wakakaa kwa Mzee Aminieli, mwenyekiti wa kikundi na mzee wa kanisa, mtu mpole asiyependa ugomvi ukae ndani ya ukoo. Zephania alikuja na mbuzi dume, amemfunga kwenye mpapai. Alisimama mbele ya watu akasema vizuri sana. Alikiri kudanganya, akaomba radhi. Alieleza kwamba alimtupa mbwa korongoni, njia ya kurudi, kwa kuchanganyikiwa. Lakini kifo chenyewe, alisema, kilikuwa bahati mbaya. Nani angejua mbwa anaweza kufa kwa kukaa kwenye gari?

"Ernesta," Mzee Aminieli alisema, "umesikia. Mbuzi yule pale. Tunaomba upokee, tule wote, yaishe."

"Mbuzi wake amrudishe nyumbani."

"Basi unataka nini?"

"Nataka akae."

Watu hawakuelewa. Ernesta akaeleza polepole, kama mtu anayeagiza vitu dukani. Zephania ataegesha gari palepale alipoegesha siku ile, saa ileile, jua likiwa juu. Atapandisha vioo, atatoa ufunguo ampe yeye, atakaa ndani. Yeye Ernesta ataingia mgahawani, atakaa alipokaa Zephania, ataagiza alichoagiza Zephania. Akimaliza kula, Zephania atoke, na magunia yatapanda gari lake siku ya pili yake.

"Na mlango?" Mzee Aminieli aliuliza.

"Mlango simfungii. Yeye ana mikono. Akitaka kutoka, anyooshe mkono wake afungue. Lakini akifungua kabla sijamaliza, gari lake asahau tangawizi ya Mamba."

Mzee Aminieli alitikisa kichwa, akasema hayo si mambo ya watu wazima. Aliyeyakubali alikuwa Zephania mwenyewe. Alicheka, na ungeona jinsi mabega yalivyomshuka kwa nafuu. "Ni kukaa tu kwenye gari, mama mkubwa? Mimi si huwa nalala humo nikisubiri abiria?"

Ernesta alijua kwamba akilala humo huwa ameegesha chini ya mti na milango imeachwa wazi. Hakumkumbusha.

"Basi utalala," alisema.

Walishuka siku ya Alhamisi, Zephania, Ernesta, Mzee Aminieli na wanawake wawili wa kikundi. Mlimani walivaa masweta. Walipofika tambarare waliyavua, na walipofika Same lami ilikuwa inameremeta kama imemwagiwa maji. Hakukuwa na upepo. Mbele ya mgahawa wa Agatha vijana wa bodaboda walikuwa wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Zephania aliegesha. Alipandisha vioo, akazima gari, akampa Ernesta ufunguo kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu. Watu walipoteremka akafunga mlango wake, kisha akabonyeza loki zote kwa ndani. Aliwaambia vijana wa bodaboda kupitia kioo kwamba hataki mtu amwonee huruma akaja kumharibia mkataba. Walicheka. Mmoja akatoa simu aanze kumrekodi.

Ernesta aliingia, akakaa kwenye meza inayotazama mlango.

"Mbuzi wa kuchoma na ndizi," alimwambia Agatha.

Agatha alilitazama gari, akamtazama yeye. Alikwenda jikoni. Nyama ilipokuja, Ernesta alinawa, akachovya pande la kwanza kwenye chumvi na pilipili. Nyama ilikuwa tamu. Hilo aliwaambia watu baadaye bila kuona haya. Alikuwa hajasikia ladha ya chakula tangu mwezi wa pili, na siku ile aliisikia yote, mafuta, chumvi, moshi wa mkaa. Alitafuna taratibu. Alichambua nyama kwenye mfupa kwa vidole, akauguguna mfupa mpaka ukawa mweupe, akauweka pembeni ya sahani, akachukua mwingine.

Mwanzoni Zephania alikuwa anawatania vijana, anawaonyesha dole gumba. Baadaye alifungua vifungo vya shati, kisha akalivua lote. Alijipepea nalo. Alihamia kiti cha abiria, akarudi cha dereva. Vijana wa bodaboda walikuwa bado wanacheka, lakini kicheko kilikuwa kimekonda. Kioo kilianza kuwa na ukungu kwa ndani, na Zephania alikifuta kwa kiganja ili amwone Ernesta, na Ernesta akahakikisha kwamba anamwona. Akainua kipande cha ndizi, akakitia mdomoni.

Mkono wa Zephania ulikwenda kwenye kitasa cha mlango.

Fungua, Ernesta alisema moyoni. Alikuwa ameinama mbele kidogo. Ndilo alilokuwa analitaka tangu mwanzo: afungue, atoke anahema mbele za watu, mtu mzima aliyeshindwa pale ambapo alimwacha mwenzake asiye na mikono. Apoteze tangawizi, apoteze gari, atembee kwa miguu mlima mzima maisha yake yote. Fungua, shenzi wewe.

Mkono ukarudi. Zephania naye alikuwa wa ukoo ule, ukaidi haukuwa wa Ernesta peke yake.

Sahani ikaisha. Agatha alikuja kuiondoa, uso umemkunjamana. "Imetosha, mama. Umemaliza."

"Yeye aliongeza supu."

"Mama."

"Wewe ndiye uliyenieleza. Aliongeza supu, akasubiri na mpira. Mpira namsamehe. Lete supu."

Supu ililetwa, inatoa moshi. Ernesta aliikamulia ndimu. Mzee Aminieli alikuja akasimama mlangoni, kofia kifuani. "Ernesta," alisema.

"Nakula, mzee."

Nje hakuna aliyekuwa anacheka tena. Yule kijana alikuwa ameishusha simu. Mtu mmoja aligonga kioo akamwambia Zephania atoke, mkataba mwenyewe ni wa kijinga, lakini Zephania alikuwa anatazama mbele tu, mdomo wazi, na jasho lililokuwa linamtiririka sasa halikuwepo, ngozi imekauka. Ernesta alichota kijiko, akapuliza, akanywa. Akachota kingine.

Ndipo honi ikaanza kulia. Ililia moja kwa moja, bila kukatika. Kichwa cha Zephania kilikuwa kimeangukia usukani. Watu wakakimbilia milango, wakavuta vitasa, vimebanwa. Honi ikaendelea, kisha ikakoma ghafla kwa sababu kichwa kilikuwa kimeteleza kikashuka pembeni.

"Ufunguo," Mzee Aminieli alisema. "Ernesta, ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mezani, karibu na bakuli. Ernesta aliuona. Bakuli lilikuwa limebaki nusu. Mkono wake wenye kijiko ulikuwa hewani, na hakuushusha, wala hakuunyoosha kwenye ufunguo. Alikaa hivyo.

Agatha hakuungoja. Alitoka jikoni ameshika mchi wa kinu cha kutwangia viungo, akapita katikati ya wanaume, akapiga kioo cha mlango wa abiria pigo moja, na la pili. Hewa iliyotoka humo iliwafanya waliokuwa karibu wageuze nyuso, kama mtu aliyefunua sufuria la ugali jikoni. Walimtoa Zephania kupitia upande ule, wakamlaza kivulini, wakamvua viatu, wakamwagia maji kichwani, kwapani, kifuani. Mdomoni alikuwa na povu kidogo. Bodaboda wawili walimpakata katikati wakampeleka zahanati, akatundikiwa dripu. Jioni aliweza kusema jina lake.

Agatha alirudi ndani, mchi bado mkononi, mkono wenyewe unatokwa damu. Alisimama mbele ya meza ya Ernesta.

"Kioo hiki nitakilipia mimi," alisema. "Na siku ile pia nilipaswa kukivunja, nikakilipia. Sasa toka kwenye mgahawa wangu."

Ernesta alitoka. Walirudi mlimani na gari la abiria, hakuna aliyekaa naye kiti kimoja. Njiani Mzee Aminieli, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, aligeuka akamuuliza, "Ungemfungulia?"

"Sikuwa nimemaliza supu," Ernesta alisema.

Mamba ikagawanyika. Kuna waliosema mwanamke yule angeua mtu kwa ajili ya mbwa. Kuna waliosema mtu hakufa, na mbwa alikufa, basi nani alizidiwa? Mchungaji alimwita ofisini. Alikwenda, akasikiliza, akashukuru, akarudi shambani. Na ukimuuliza leo kama anajuta atakuuliza unajuta wewe kwa lipi.

Siku chache baada ya kutoka zahanati Zephania alikuja nyumbani kwake, mchana, peke yake. Alikuwa amepungua. Alibaki amesimama uani mpaka alipoambiwa akae, akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Sikufungua mlango."

"Hukufungua. Magunia yatapanda Jumatatu. Neno langu ni lilelile."

Zephania aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Alikuwa anaiangalia mikono yake. Ernesta alikuwa anamenya tangawizi. Aliacha kumenya.

"Ilikuwaje?" aliuliza. Alilitaka hilo. Alikuwa amelala nalo siku zote hizo, namna atakavyomsikia akisema mwenyewe. "Nieleze yote."

"Mwanzoni ni joto tu. Unaona utaliweza."

"Kisha?"

"Kisha hewa inakuwa nzito. Unavuta lakini haishuki. Mdomo unakauka, ulimi unakuwa kama si wako, mkubwa."

"Kisha?"

"Moyo unapiga masikioni. Unahama kiti, unadhani kile kingine kina nafuu. Kiti kinakuunguza. Unawaona watu nje wanakunywa maji. Mimi nilikuona wewe." Akavikunja vidole. "Vidole vinakwenda vyenyewe kwenye kioo, mama mkubwa. Huvitumi. Nilikuwa nakwaruza na sijui kama nakwaruza."

Ernesta aliitua tangawizi chini. Aliyekuwa anamwona kwenye kile kiti si Zephania tena. Alikuwa anaona kitenge kilichochanwa, na kichwa kikubwa cha majivu kinahama dirisha hadi dirisha kumtafuta mtu anayemjua. Kisasi chake kilikuwa kimemletea habari ambayo alikuwa hajaijua, na sasa aliijua yote kwa mpangilio wake.

"Kisha?" alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Kisha unachoka. Unaacha kutaka kutoka. Hapo mbele sikumbuki."

"Ilichukua muda mpaka kuchoka?"

Zephania alimtazama. Pengine angeweza kudanganya, alishawahi. "Muda mrefu," alisema.

Ernesta alirudi kumenya tangawizi mpaka kuku walipoanza kudonoa maganda miguuni pake. Kisha akamwambia aende. Hakumwambia amemsamehe, na Zephania hakuomba.

Jumatatu magunia yalipanda ile Noah, mlango mmoja ukiwa na nailoni badala ya kioo. Ernesta alilibeba la kwanza mwenyewe, akalisukuma ndani, akalipiga kofi likae sawa. Hakungoja lipakiwe la pili. Ngedere walikuwa wameshaingia kwenye migomba tangu alfajiri, na kutoka barabarani watu walimsikia huko juu akiwafukuza kwa mawe na matusi, tuta kwa tuta, mpaka jua lilipotoka kwenye ukungu.